Kuwaka Si Kuwa Nzima

Mashine za michezo za kutumbukiza sarafu, zile zilizotengenezwa Marekani na Japani toka miaka ya 1930 hadi ya 1990, zimehama. Zilikuwa kwenye baa, kumbi za boling na vibanda vya ufukweni. Sasa ziko sebuleni na kwenye gereji za watu. Huko Marekani zinauzwa minadani, zinauzwa na warithi wanaosafisha nyumba ya marehemu, zinauzwa na mafundi wanaozifufua. Popote zinapouzwa kuna maneno yaleyale yanayorudiwa na wauzaji, na majirani, na wanunuzi wenyewe. Mengi si kweli. Machache ni kweli nusu, na hayo ndiyo yanayotoboa mifuko zaidi. Nitayajibu moja moja, nikijikita kwenye mashine za besiboli, boling, hoki, kikapu na ngumi, kwa sababu ndizo ninazozipenda na ndizo zinazodharauliwa mbele ya pinboli.

Nianze na neno lenye hasara kubwa kuliko yote: "Ikiwaka, ni nzima." Muuzaji anachomeka plagi, taa zinawaka, kengele inalia, mnunuzi anatoa pochi. Lakini chukua mashine ya besiboli ya Williams, kampuni ya Chicago, ya miaka ya 1960. Ndani yake kuna transfoma inayogawa umeme njia mbalimbali: ya taa, yenye volti 6 hivi, na ya koili, yenye volti nyingi zaidi. Kila njia ina fyuzi yake. Taa zinaweza kung'aa vizuri kabisa huku upande unaorusha mpira na kuzungusha gongo ukiwa umekufa.

Mashine ya namna hii inajaribiwa kwa kucheza mchezo mzima, toka sarafu inapoingia hadi mpigaji wa mwisho anapotolewa. Mpira mdogo wa chuma unachomoka katikati ya uwanja, wewe unabonyeza kitufe, gongo linazunguka, na mpira unakwenda kwenye shimo la kituo kimoja, viwili au vitatu, au unaruka hadi jukwaa la juu na wakimbiaji wote wanarudi nyumbani. Nyuma ya kioo, vijitu vya plastiki vinazunguka toka kituo hadi kituo. Hapo ndipo pa kukodoa macho. Piga la kituo kimoja, kisha la viwili: aliyetangulia alisogea vituo viwili, au alikwama njiani? Aliyefika nyumbani alihesabiwa? Mchezo mpya ulipoanza, namba zote zilirudi sifuri na uwanja ukabaki mtupu? Kila swali hapo linajibiwa na kifaa chake ndani ya kabati, na kifaa kimoja kikiwa kizima hakisemi lolote juu ya jirani yake.

Boling za kisahani, zile ndefu za United na Chicago Coin, zina siri ambayo wanunuzi wengi hawaijui: pini hazigongwi. Kisahani cha chuma kinateleza chini yake kikikanyaga vijiti vya waya vilivyochomoza kwenye ubao. Kila kijiti ni swichi, na pini inajikunja kwenda juu kwa amri ya swichi hiyo. Kwa hiyo pini isiyopanda usiihukumu yenyewe. Inama utazame vijiti: kama vimepinda, vimelegea au vimebadilishwa kwa misumari, umepata picha ya namna mashine ilivyotunzwa.

Mashine za skrini zinataka muda. Iache imewaka nusu saa nzima, zungumza na mwenye nyumba, kunywa chai ukikaribishwa. Vipuri vilivyochoka vinaweza kufanya kazi vikiwa baridi na kuanza kuyumba vikipata joto: picha inasinyaa pembeni, inajikunja juu, rangi moja inafifia. Kisha jaribu kila kitufe na kila mkono wa kuongozea, siyo vya mchezaji wa kwanza tu. Mwisho omba kufunguliwa mlango wa nyuma, plagi ikiwa imetolewa, usome fyuzi. Kiwango chake kimeandikwa pembeni ya kishikio au kwenye mchoro. Ukikuta ya ampea 20 mahali pa 10, au mbaya zaidi karatasi ya fedha iliyozungushiwa fyuzi iliyokatika, jua kuna mtu alichoka kutafuta tatizo akaamua kuliruhusu liunguze waya polepole. Hapo ama bei ishuke sana, ama uage.

Wanaouza za ghalani wana neno lao: "Hii imekaa miaka 30 haijaguswa, iko kama ilivyotoka kiwandani." Wanalisema kama sifa, nami nalisikia kama onyo. Mashine hizi ziliundwa kufanya kazi kutwa kucha katika baa yenye moshi na bia iliyomwagika. Kila rilei inapofunga na kufungua, ncha zake mbili zinasuguana kidogo na kujisafisha. Zikikaa bila kazi zinafanya utando. Grisi iliyokuwa laini mwaka 1965 inakuwa gundi, na magurudumu yanayohesabu pointi yanagoma. Katika mashine za baadaye zenye bodi, betri zilizosahauliwa zinavuja, na maji yake yanatafuna njia za shaba hadi bodi inakuwa kijani. Panya wanapenda joto la kabati na wanapenda waya. Mkojo wao unakula chuma kuliko mvua. Halafu kuna mbao zenyewe. Kabati nyingi za miaka ya 1980 ni za chipbodi, na chipbodi iliyosimama kwenye sakafu ya zege yenye unyevu inavimba kwa chini, inafumuka, na haitengenezeki tena. Utakata na kuunga. Pitisha mkono chini ya kabati kabla ya kutazama michoro ya pembeni. Mashine iliyochezwa kila wikendi na yenye mikwaruzo naichagua mbele ya ile inayong'aa iliyolala tangu mwenyewe ahamie mji mwingine.

Kutoka hapo watu wanarukia upande wa pili: "Basi hazifai, vipuri hakuna, mafundi wameisha." Hili linanikera, kwa sababu linawafukuza watu kwenye aina ya mashine ambayo mtu wa kawaida mwenye subira anaweza kuitengeneza mwenyewe.

Mashine za kabla ya katikati ya miaka ya 1970 hazina kompyuta. Zina koili, rilei, swichi za bati, mota ndogo inayozungusha kamu, na waya zilizofumwa kwa rangi. Kinachofanya kazi unakiona kikifanya kazi. Pamoja na mashine ulikuja mchoro mkubwa wa saketi, karatasi inayokunjuliwa na kufunika meza, na juu yake rangi ya kila waya imeandikwa. Tuseme mkimbiaji anasogea vizuri mpira ukiingia shimo la kituo kimoja, lakini kwa shimo la vituo viwili hafanyi kitu. Kabla hujashika bisibisi tayari unajua mengi: chombo kinachozungusha wakimbiaji ni kizima, umeme unakifikia, fyuzi iko salama. Kilichobaki ni swichi ya shimo lile, rilei yake, na waya kati yao. Unaisukuma ile rilei kwa kijiti kikavu cha mbao. Wakimbiaji wakisogea, kosa liko kwenye swichi ya shimo au waya wake. Wasiposogea, angalia ncha za rilei yenyewe. Mara nyingi dawa ni kipande cha karatasi ngumu kilichopitishwa kati ya ncha mbili, au tupa nyembamba sana kwa zilizoungua. Msasa usitumie, unang'oa madini ya juu ya ncha na kesho utando unarudi maradufu. Wala usipulizie mafuta ya kuzuia kutu: yanakamata vumbi, na penye cheche yanaweza kushika moto. Nimeona mashine nyingi zilizouawa na chupa ya dawa ya kupuliza kuliko zilizouawa na uzee.

Koili mpya, mirija yake, balbu, mipira ya raba na fyuzi bado vinauzwa na wafanyabiashara wa vipuri Marekani na Ulaya. Hoki ya kuba, ile iitwayo Chexx iliyotoka Buffalo, New York, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni rahisi zaidi kuihudumia: kampuni ya ICE iliyoibuni inaendelea kutengeneza mrithi wake, Super Chexx. Chini ya kuba la plastiki kuna wachezaji wa fimbo, kidude cheusi, Marekani upande mmoja na Muungano wa Kisovyeti upande wa pili, kwa kumbukumbu ya Olimpiki ya 1980, na kitufe cha kumzomea mwenzako. Kwa familia inayonunua mashine ya kwanza, sijui nyingine inayonipa amani ya moyo kiasi hicho.

Ukweli nusu uko hapa. Kwenye mashine za skrini za miaka ya 1980 kuna chipu zilizotengenezwa kwa ajili ya mchezo mmoja au kampuni moja tu, na zikifa unalazimika kutafuta bodi nyingine ya kuzitoa. Na skrini za chogo hazitengenezwi tena kwa wingi ule. Bomba lililovunjika shingo limekwisha. Kwa upande wa pili, Pong ya Atari ya mwaka 1972 haina hata prosesa. Mhandisi Allan Alcorn aliiunda kwa chipu za kawaida za mantiki, na ya majaribio ilipowekwa kwenye baa ya Andy Capp's huko Sunnyvale, California, ikagoma kufanya kazi kwa sababu sanduku la sarafu lilikuwa limefurika. Kwa hiyo swali la vipuri haliulizwi kwa mashine zote kwa pamoja. Taja jina la mashine na mwaka wake, ndipo utajibiwa.

Hapohapo kuna wanaosema skrini ya chogo ni televisheni tu, fungua usafishe. Hapana. Skrini ya rangi ya inchi 19 inabeba volti zipatazo 20,000 kwenye bomba lake, na inaweza kubaki na chaji baada ya plagi kutolewa. Kazi hiyo muachie aliyefundishwa namna ya kuiondoa chaji. Katika hili sina mjadala na mtu.

"Ni orijino kabisa" ni maneno ya muuzaji ambaye pengine anaamini anachosema. Wenye mashine enzi hizo walikuwa wafanyabiashara. Mchezo ulipoacha kuingiza pesa, waling'oa bodi, wakabandika michoro mipya juu ya ile ya zamani, wakatia mchezo mwingine. Baada ya Wajapani kuweka kiwango cha pamoja cha kuunganisha bodi, JAMMA, mwaka 1985, kazi hiyo ikawa ya muda mfupi sana. Tazama paneli ya vitufe: matundu yaliyozibwa yanaeleza historia. Ukwaruze pembe ya stika uone kama kuna nyingine chini yake. Linganisha namba za kabati na za bodi kama zipo. Mashine iliyobadilishwa si haramu, unaweza kuipenda vilevile, ila usiilipie bei ya isiyobadilishwa. Tahadhari hiyo inaihusu Track & Field ya Konami, ya 1983: wachezaji waligundua kwamba rula au penseli inabonyeza vitufe vya kukimbia haraka kuliko vidole, kwa hiyo paneli ambayo haina kovu hata moja inastahili kuulizwa imetoka wapi.

Vijana wana hoja yao, nayo nzito: "Mjomba, mchezo huo ninao kwenye simu, bure." Nawaheshimu waliotengeneza MAME, programu iliyoanza 1997 na kuokoa michezo ambayo vinginevyo ingepotea na bodi zake. Lakini nenda kwenye mchezo mmoja mmoja. Atari Football ya 1978 inachezwa kwenye meza, watu wawili wakitazamana, wachezaji wa uwanjani wakiwa herufi X na O tu. Unamkimbiza mtu wako kwa kusukuma kwa nguvu mpira mzito uliozamishwa kwenye meza. Waliocheza enzi hizo walitoka na malengelenge viganjani, na muda ukikaribia kwisha waliongeza sarafu ili mechi iendelee. Kwa kidole juu ya kioo cha simu zinabaki X na O, mchezo wenyewe umeondoka. Punch-Out!! ya Nintendo ya 1984 ina skrini mbili zilizopandana, moja ya pambano na nyingine ya takwimu za mabondia. Mashine ya besiboli na hoki ya kuba hazina cha kunakili kabisa, kwa sababu mpira na kidude ni vitu vya kushikika, na kitu cha kushikika hakidundi mara mbili kwa namna moja.

NBA Jam ya Midway, ya 1993, inaweza kuchezwa kwenye kompyuta, na hata kasoro yake ya makusudi itakuwemo: mbunifu wake Mark Turmell, shabiki wa Detroit Pistons, alikuja kukiri kwamba aliupanga mchezo ili Chicago Bulls wakosee mitupo ya sekunde za mwisho wanapokutana na Pistons. Ila kabati lile lilijengwa kwa watu wanne waliobanana bega kwa bega, na mtu unayemwangusha chini unamsikia akipumua. Wala kopi ndogo za kisasa za nyumbani hazifanani nalo. Wanne wazima hawawezi kusimama mbele ya kopi hizo bila kukunja viwiko. Ukicheza peke yako, simu inakutosha na okoa pesa zako. Ukiwa na ndugu na marafiki wanaokuja Jumamosi, simu si mshindani.

"Hela yako haipotei, itapanda tu." Wanaosema hivyo wanakuonyesha mashine iliyouzwa ghali, hawakuonyeshi bei ya kuibeba, kuitengeneza na miaka iliyokaa ikisubiri mnunuzi. Bei za mashine hizi zinafuata kumbukumbu za watu. Aliyekuwa na miaka 12 mwaka 1983 sasa ana zaidi ya 50, ana nyumba na ana akiba. Ndiye anayezisukuma juu bei za michezo ya utoto wake. Waliokulia na besiboli za gongo za miaka ya 1950 wanazidi kupungua, na watoto wao wanarithi mzigo wa kilo nyingi wasiojua pa kuuweka. Ndiyo maana mara nyingi ufundi bora zaidi ndio unaouzwa kwa bei ya chini, na hiyo ni habari njema kwa anayenunua kucheza. Kwa anayetafuta uwekezaji, anunue kiwanja.

Wazee wa kwetu wakiona tundu la sarafu wanauliza swali lao kwa upole wenye uzito: "Mwanangu, umeingiza dubwi la kamari ndani ya nyumba?" Wana sababu ya kuuliza. Hata jiji la New York lilipiga marufuku pinboli mwaka 1942 kwa hoja ya kamari, na marufuku ikadumu hadi 1976. Mjibu kwa kumwonyesha: hakuna mahali pa pesa kutokea. Ukifunga magoli mengi unapewa mchezo mwingine, au hupewi kitu. Mpe azungushe gongo mwenyewe. Na tafadhali usiliharibu lile tundu kwa kuliziba ili tu mchezo uwe wa bure. Mashine za skrini nyingi zina swichi ndani ya kucheza bila malipo, na kwa za zamani zaidi bakuli la robo dola juu ya meza linatosha. Watoto wanapenda kutumbukiza kuliko unavyodhani.

Kwa Waswahili walioko Ohio, Minnesota au Toronto, neno la hatari ni hili: "Nikirudi nyumbani naitia kwenye kontena, naweka adapta, basi." Adapta ya plagi inabadilisha umbo la miguu ya plagi tu. Marekani umeme ni volti 120 na mzunguko wa hezi 60. Tanzania ni volti 230 na Kenya 240, zote kwa hezi 50. Ukichomeka hivyo, umeiunguza siku ya kwanza. Transfoma ya kushusha volti inaponya nusu ya tatizo; hezi haizibadilishi. Mota inayofuata hezi za umeme itazunguka kwa kasi pungufu, sehemu tano kati ya sita, na transfoma ya ndani iliyokusudiwa hezi 60 peke yake itapata joto zaidi. Michezo ya skrini haipungui kasi, kwa kuwa bodi ina saa yake. Baadhi ya mashine za Chicago zilizouzwa Ulaya zina transfoma yenye miguu ya kupokea 220 au 240. Hiyo inasomeka kwenye mchoro, na ni ya kuulizia kabla ya kulipia kontena. Kwa Mombasa, Tanga au Unguja ongeza hewa ya chumvi na ile chipbodi tuliyoisema.

Anayetaka mashine ya sarafu ya michezo itakayovumilia pwani yetu bila hayo yote atazame meza za futiboli za mikahawa ya Ufaransa, kama za Bonzini, ambazo ndugu zetu wa Bujumbura na Lubumbashi wamekua wakizijua kwa jina la babifuti. Wachezaji ni wa aloi ya alumini, sarafu inasukumwa kwa mkono na mipira inashuka kwa uzito wake, umeme hauhitajiki popote. Angalia kama vyuma vimenyooka, sogeza kila kimoja mwisho hadi mwisho usikilize kama kinakwaruza, na ukishainunua futa vyuma kila wiki na uvipake mafuta kidogo.